Nilifungua injini kabla ya kuisikia

Kiti cha hii pikipiki kinanifika magotini. Nikiikalia, magoti yangu yanakuja juu karibu na kifua, na watoto wa ploti yetu hapa Free Area, Nakuru, hawajachoka kucheka tangu Desemba. Wana haki yao. Honda walipoitengeneza mara ya kwanza, mwaka 1961, ilikuwa mchezo wa watoto katika bustani ya burudani ya Tama Tech karibu na Tokyo, na ilipewa jina la Monkey kwa sababu mtu mzima akiipanda anaonekana kama tumbili aliyeshika usukani. Yangu ni Z50A, ya mwishoni mwa miaka ya 1960: injini ya cc 49, gia tatu, klachi inayojifanyia kazi yenyewe bila mkono, na nyuma hakuna shokomzoba hata moja. Ukipita kwenye shimo, mgongo wako ndio shokomzoba.

Niliipata Rongai, kwa mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika shamba la mkonge. Mtoto wa meneja aliichezea hadi miguu ikamzidi, familia ikahama, pikipiki ikabaki stoo chini ya magunia. Ilikuwa nyekundu zamani. Nilipoikuta ilikuwa na rangi ya matofali, matairi yamepasuka kama visigino vya kiangazi, na kuku alikuwa ametagia kwenye fremu. Nilisugua shingo ya fremu kwa kidole gumba chenye mate hadi herufi zikatokea: Z50A. Hapo ndipo nilipopoteza akili. Mzee alitaka 15,000, nikalipa bila kuomba apunguze hata mia.

Wakati tunaipakia kwenye pikapu, akaniambia neno moja ambalo laiti ningelibeba pamoja na pikipiki: "Hii ilizimwa, Mwalimu. Haikuzimika."

Nilidhani ni maneno ya muuzaji.

Nyumbani nilipiga kiki mpaka jasho likanitoka. Kimya. Jirani akamwita kijana anayetengeneza boda boda pale steji, naye akapiga kiki mara nne, akatingisha kichwa: "Ringi zimekwisha, Mwalimu. Hapa ni kufungua tu." Simlaumu sana. Yeye kila siku anaona pikipiki zilizobeba magunia matatu ya viazi kutoka Molo, na kwa hizo ringi, zile pete za pistoni zinazozuia hewa iliyobanwa isivuje, huisha kweli. Wa kulaumiwa ni mimi, kwa sababu nilitaka kuambiwa hivyo. Nilikuwa nimeshasoma usiku kucha kuhusu silinda kubwa ya cc 72 inayoingia mahali pa ile ya zamani: pistoni ya asili ina upana wa milimita 39, hii ina 47, na krankshafti haiguswi. Nilikuwa natafuta sababu tu. Fundi akanipa.

Basi nikaagiza silinda, pistoni, ringi na gasketi kutoka nje: 11,500, na usafiri pamoja na ushuru 6,300 juu. Kisha, badala ya kungoja, nikaanza kufungua.

Jambo la kwanza lililonishinda ni skrubu. Skrubu za Japani zina msalaba kichwani kama hizi tulizozoea, lakini mkato wake si ule ule, na nyingi zina kidoti kidogo pembeni mwa msalaba kukuonyesha hivyo. Bisibisi ya kawaida inakaa juu juu, ukikaza inateleza na kula kichwa. Niliharibu tano kabla ya kutambua. Zilizobaki nilizitoa kwa ile bisibisi ya kugongwa na nyundo, ambayo ukiipiga inajizungusha yenyewe, baada ya kuzimwagia mafuta ya kulainisha kutu na kuziacha zilale usiku mzima. Zile tano ilibidi mkereza wa vyuma azitoboe.

Bolti nilizipanga kwenye trei ya mayai, kila shimo na bolti yake, kwa mpangilio niliozitoa. Nilijiona hodari. Sikuandika chochote, sikupiga picha, kwa kuwa mpangilio "niliujua". Siku ya tatu paka akaruka kutoka dirishani. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja alinisaidia kuokota, akaniuliza hii ilikuwa wapi, baba, na hii je. Sikuwa na jibu hata moja. Tangu siku hiyo yeye ndiye karani: kila bolti inafungwa kwenye karatasi, anaandika ilikotoka, anapiga picha kabla na baada. Kama huna mtoto mwenye mwandiko mzuri, azima wa jirani.

Halafu nikafanya kosa kubwa zaidi. Upande wa kushoto wa injini kuna gurudumu la sumaku, magneto, linalotengeneza umeme wa cheche. Pikipiki hii haihitaji betri kuwaka. Kila kitu kinatoka hapo. Kubadilisha silinda hakuhitaji kulitoa kabisa. Unaliacha mahali pake, maana alama ya T iliyochongwa juu yake ndiyo unayoitumia kupanga cheni ya ndani. Mimi nikaona kwa vile nimeshafika, acha nilitoe nisafishe nyuma. Halikutoka. Nikaligonga kwa nyundo, kwanza taratibu, halafu kwa hasira. Likapasuka ukingoni, na mlio wake nilijua papo hapo ni mlio wa pesa.

Kuna pula yake, ya uzi wa milimita 27, unaifunga katikati ya gurudumu na kulivuta bila kelele. Mkereza alinichongea moja baadaye. Lakini lile gurudumu lilikuwa limekwisha, na la mtumba nililipata Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, baada ya kuzunguka maduka nusu siku nikionyesha picha kwenye simu. 8,500. Muuzaji aliona macho yangu yalivyong'aa, bei ikapanda hapo hapo.

Wakati nangojea silinda nikageukia tangi, na hapa angalau nina kitu kizuri cha kusimulia. Tangi lake halifiki lita tatu. Ndani kulikuwa na kutu iliyojikunja kama majani ya chai. Nilitia kokoto safi na vipande vya cheni, nikatikisa, nikamwaga, nikajaza siki hadi mdomoni na kuacha siku mbili. Siki ilitoka nyeusi. Ukiishia hapo kutu inarudi kabla hujakausha mikono, kwa hiyo suuza mara moja kwa maji yenye magadi ili kuua ile asidi, kisha maji safi, kisha likaushe haraka juani, na lisikae tupu: zungusha petroli yenye oili kidogo ndani. Kazi yote ilinigharimu 600. Ndiyo kazi pekee katika mradi huu ambayo sikuifanya mara mbili.

Rangi niliifanya mara mbili. Wenyeji husema jina Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na anayetaka ushahidi apulizie rangi nje, saa nane mchana, mwezi wa Februari. Fremu ilikuwa nyekundu tena, inametameta, nikaenda ndani kunywa chai. Niliporudi ilikuwa msasa. Mara ya pili nilimwagia ua maji jioni, nikaamka saa kumi na moja alfajiri, na kufikia saa moja nilikuwa nimemaliza kabla upepo haujaamka.

Matairi sasa. Ukubwa wake ni 3.50-8, na yeyote aliyewahi kujenga nyumba analijua tairi hilo: ni la wilbaro. Nilicheka peke yangu dukani nikanunua mawili kwa 1,400. Yanaingia, ni kweli, lakini yametengenezwa kubeba mchanga kwa mwendo wa mtu anayetembea, na ubavuni yameandikwa hivyo. Sikusoma. Yakivuka kilomita 20 kwa saa, usukani unacheza rumba. Nikajaribu ya tuktuk, 4.00-8, kwa 4,200. Hayo ni imara, yanabeba abiria watatu mchana kutwa, ila ni manene, na la nyuma lilikuwa likila cheni upande mmoja. Hatimaye nikanunua yaliyo sahihi kwa 7,000, bei ambayo mwanzoni niliiita wizi.

Katikati ya hayo mabadilishano ndipo nilipoumia. Rimu za pikipiki hii ni nusu mbili zilizoungwa kwa bolti. Ni jambo zuri, unabadilisha tairi bila vyuma vya kubanjulia. Lakini ukilegeza bolti hizo tyubu ikiwa na upepo, zile nusu mbili zinataka kuachana kwa nguvu zote. Nilikuwa nimelegeza mbili, na bisibisi nimeisimamisha katikati ya mwanya. Sikusikia hata mlio vizuri. Niliona tu kiganja kimefunguka. Nyuzi sita, sindano ya pepopunda, 3,200. Mke wangu hakusema neno njia nzima. Tulipofika nyumbani akasema, "Baba, hata ng'ombe anafungwa miguu kabla hajakamuliwa." Toa upepo kwanza. Toa hata kile kipini cha ndani cha valvu, ubonyeze tairi kwa goti uone limelala, ndipo ushike spana.

Silinda ilifika Machi, baada ya wiki saba. Gasketi ya kichwa haikulingana na matundu ya oili, nikatafuta nyingine, 2,400. Likizo ya Aprili nikafunga kila kitu. Mwanya wa valvu nikaupima milimita 0.05 injini ikiwa baridi, kama inavyotakiwa, kwa kile kijembe chembamba cha kupimia ambacho kinatetemeka mkononi kama jani. Binti alisimama kando na daftari lake. Nikafungua petroli, nikapiga kiki.

Kimya kile kile cha Desemba.

Nitakwambia ukweli, niliifunika kwa turubai na sikuigusa kwa wiki tatu. Nilikuwa nikipita kando yake kwenda kazini bila kuitazama, kama mtu mwenye deni. Nilikuwa nimetumia pesa za karo ya muhula nikijiambia nitazirudisha mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulikuwa umeshapita mara mbili. Hilo mke wangu alilijua kabla sijamwambia.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja Langa Langa, fundi wa siku za Honda hamsini, aliyekuwa akizitengeneza wakati maafisa wa kilimo walipokuwa wakizunguka nazo vijijini. Hakuja na mkoba wa vifaa. Alikuja na spana ya plagi, koti kuukuu na kipande cha msasa laini kisichozidi ukucha. Akapiga kiki moja kwa mkono, polepole, akiwa amefumba macho.

"Kabla hujafungua, kiki ilikuwa inakusukuma mguu?"

"Ilisukuma, Mzee."

"Inakurudishia mguu?"

"Ndiyo."

"Sasa ringi zilikuwa zimekwishaje?"

Akatoa plagi, akaiunganisha na waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, akatufunika na koti lake vichwa vyote vitatu, mimi, binti na yeye mwenyewe, ili kuwe na giza. Niliambiwa nipige kiki. Hakuna kitu. Hakuna cheche hata ya kuazima. Akachungulia kwenye dirisha la magneto, pale zinapoonekana pointi, vile vipande viwili vya chuma vinavyokutana na kuachana kila injini inapozunguka. Vilikuwa na utando wa kijivu, basi. Miaka yote ile stoo vilikuwa vimeshika ukungu. Nami nilikuwa nimebadilisha gurudumu linalovifunika bila kuvitazama! Akapitisha msasa mara tatu, akavuta karatasi safi katikati kuondoa unga, akapima mwanya usipite milimita 0.4, akazungusha gurudumu mpaka alama ya F, akahakikisha hapo ndipo vinapoanza kuachana. Tukarudi chini ya koti. Cheche ikaruka, ya buluu, na binti akapiga kelele.

Dakika ishirini. Alikataa pesa, akakubali chai na mandazi mawili.

Iliwaka siku ile, ila haikuwa mwisho. Yule kijana wa steji alishauri kwamba silinda kubwa inataka petroli nyingi, akachokoa tundu la jeti ya karabureta kwa sindano. Nakuru tuko juu ya bahari mita 1,850 hivi, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini hapa huhitaji petroli pungufu kidogo. Plagi ikawa inatoka nyeusi kama sufuria ya kuni, na moshi juu yake. Tundu likishapanuliwa halirudi. Karabureta nyingine, 3,500, jeti sikuigusa. Kisha klachi ikaanza kuteleza, injini inalia na pikipiki haiendi, kwa sababu nilitia oili ya gari iliyobaki kwenye dumu. Klachi ya mashine hizi inaoga katika oili ile ile ya injini, na oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, wakati klachi inaishi kwa msuguano. Nilimwaga, nikatia ile ya pikipiki inayouzwa kwa wanaboda kila pembe. Tatizo likaisha baada ya kubadilisha mara mbili.

Juni nilikuwa na pikipiki ya cc 72, nyekundu, inayopaa. Nikaipeleka shambani kwa shemeji yangu, kule Bahati, kwenye njia yake ya ndani inayoteremka hadi kwenye ng'ombe. Haina logbook wala namba, kwa hiyo barabarani siipeleki na sitaipeleka. Kupanda ilipanda kama swala. Kuteremka, nikashika breki na breki zikanisikiliza kwa adabu bila kufanya lolote. Ngoma zake ni ndogo kama kopo la rangi ya viatu, na viatu vya breki vilikuwa vile vile vya zamani, vimekuwa vigumu na kung'aa kama kioo. Pesa zote zile, na hakuna hata shilingi niliyokuwa nimeweka kwenye kusimama. Niliingia kwenye ua wa kayaba. Anayeijua miiba ya kayaba hahitaji maelezo, na asiyeijua amshukuru Mungu.

Viatu vipya nilivipata. Vile vya zamani nilivitoa nikiwa nimevilowesha maji na kitambaa puani, maana vya enzi hizo vilitengenezwa mara nyingi kwa asbesto na vumbi lake si la kupulizwa na upepo. Lakini hata na viatu vipya, ngoma ni ile ile. Jioni moja nikaketi na daftari la binti, tukajumlisha. Tangu siku ya pikapu, pamoja na nyaya, beringi na kushona kiti, jumla 81,100. Nikamwomba apige mstari chini ya vitu ambavyo visingenunuliwa kama ningeanza na koti la yule mzee: silinda, gasketi, gurudumu la magneto, matairi yasiyofaa, hospitali, karabureta. 41,000. Aliandika, akaniangalia, akafunika kalamu.

Silinda ya asili ilikuwa bado kwenye kopo la Kimbo, imefungwa gazeti na kupakwa oili. Niliipeleka kwa mkereza akaipima juu, katikati na chini. "Mwalimu, hii ina shida gani?" akauliza. Haikuwa na shida yoyote.

Agosti nikairudisha, safari hii bila haraka, binti akisoma karatasi moja baada ya nyingine nami nikikaza. Ile ya cc 72 sasa ndiyo iko kwenye kopo, na kuna jamaa wa Kisumu anayeitaka kwa 6,000. Nimemwambia kwanza anitumie picha ya pointi zake. Tulimaliza saa kumi na mbili jioni. Nilitaka kupiga kiki, binti akanishika mkono.

"Ngoja," akasema. Akawasha tochi ya simu, akachungulia kwenye dirisha la magneto, akatikisa kichwa kukubali. "Haya, piga."

Kiki ya pili.